MAISHA YA SHEKHAR MEHTA, NA DATSUN ILIYO CHINI YA MWEMBE

Mwalimu mlezi wa chama alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani, wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na waandishi wa vitabu. Mimi nikasema nitaandika juu ya dereva. Darasa zima likaangua kicheko, manake kwao dereva ni yule wa matatu anayetupigia honi asubuhi tukichelewa. Nikanyamaza. Dereva wangu ni Shekhar Mehta, aliyeshinda mbio za Safari mara tano, na aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Nilimfahamu kupitia injini iliyojaa kutu, na jinsi ilivyokuwa ni hivi.

Mjomba wangu ana gereji ndogo ya jua kali hapa Wote. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo Jumamosi na likizo humsaidia kuosha spea kwa mafuta ya taa na kumshikia spana. Likizo ya Aprili alipata wito kutoka upande wa Kitui, karibu na Mutomo, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye ni jirani ya nyanya yangu. Mimi humwita babu ingawa hatuna undugu wa damu. Babu huyu alikuwa karani huko Mtito Andei enzi za ujana wake. Chini ya mwembe wake kuna gari la michezo aina ya Datsun 240Z, lenye milango miwili na boneti ndefu kama pua ya mamba. Limekaa hapo miaka mingi. Kuku hutagia kwenye kiti cha dereva.

Sokoni kila mtu anajua kwamba hilo ni gari la Mehta. Ukiuliza, utaambiwa ndilo lililoshinda Safari. Watoto huenda kulipapasa.

Sasa babu alitaka kuliuza, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni na karo ilikuwa haipo. Mnunuzi mmoja alikuja kutoka Nairobi, akafungua boneti, akainama na tochi, akasema injini si yake. Alidai kuwa imeng'olewa ya kwanza na kuwekwa nyingine ya gari tofauti, kwa hivyo angelipa nusu tu ya bei waliyokuwa wamezungumza. Watu wanaonunua magari ya zamani hutaka kila chuma kiwe kilekile kilichotoka nacho kiwandani. Injini ikiwa ya kubandikwa, thamani inaporomoka. Babu alikasirika sana, akamwita mjomba aje aseme ukweli.

Tulipanda matatu hadi Kibwezi, tukashika barabara ya Mutomo, tukavuka Mto Athi na kuingia Kitui. Njiani nilimuuliza mjomba huyu Mehta alikuwa nani hasa. Alinieleza aliyoyajua, na mengine niliyatafuta baadaye mwenyewe.

Shekhar Mehta alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1945 huko Kampala, Uganda. Watu wake walikuwa Wahindi wenye mashamba makubwa, kwa hivyo hakukua katika dhiki. Alianza mashindano ya magari akiwa kijana katika miaka ya sitini. Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Ilianzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikawa ya Afrika Mashariki nzima, na kila Pasaka watu walisahau mambo mengine yote. Msidhani ilikuwa ni kuzunguka uwanjani. Madereva walikwenda maelfu ya kilomita katika barabara zilezile za watu na ng'ombe, usiku na mchana, na kila dakika waliyochelewa kufika kituoni iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Pasaka nayo mara nyingi huangukia msimu wa mvua za masika, na ninyi mnaotembea kwa miguu kuja shule mnajua udongo wetu mweusi unavyofanya ukilowa.

Mwaka wa 1971 kampuni ya Datsun ilileta hizo 240Z. Edgar Herrmann alishinda, na Mehta akiwa na Mike Doughty akawa wa pili, naye pia kwa 240Z. Gari la Herrmann mpaka leo limehifadhiwa na kampuni yenyewe huko Zama, Japani.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya kwake. Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Familia ya Mehta ikaacha kila kitu, naye akahamia Kenya. Hebu fikiria, msomaji: mtu ana umri wa miaka 27, nyumba aliyozaliwa si yake tena, nchi si yake tena. Basi miezi kama minane tu baada ya amri hiyo, Pasaka ya 1973, mtu huyohuyo alikuwa ndani ya 240Z akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews. Ule ndio mwaka Safari ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Walipofika mwisho, Mehta na Harry Källström wa Uswidi, ambaye pia alikuwa na Datsun lakini ya aina nyingine, walikuwa na pointi za adhabu sawasawa. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Akawa ni Mehta. Mimi nikisoma habari hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Maelfu ya kilomita, kisha sawasawa!

Hapo sasa tulipofika kwa babu nilikuwa nimejaa hamu ya kuligusa gari.

Mjomba hakuwa na haraka. Kwanza alitaka kujua mnunuzi aliona nini. Tukafuta grisi kwenye hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu cha injini kinachobeba valvu. Upande wenye plagi, chini kati ya plagi ya kwanza na ya pili, pana herufi na nambari zilizotokeza kwenye chuma tangu kilipomiminwa kiwandani. Tukasoma N42. Mjomba akaguna. Hedi za 240Z za mwanzo zina E31, na zile za mwisho zina E88. N42 ni hedi iliyokuja na injini kubwa zaidi iitwayo L28, ambayo ilitengenezwa wakati 240Z ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Kwa hiyo mnunuzi hakuwa mwongo kabisa. Aliiona N42, akahukumu injini nzima.

Lakini hedi si injini. Mjomba alinifundisha hivi. Datsun walitengeneza ukoo mmoja wa injini za silinda sita, na hedi ya mmoja inaweza kufungwa juu ya bloki ya mwingine kama vile shati la kaka linavyokuenea. Bloki ndiyo mwili wenyewe, ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Nambari ya injini imegongwa kwenye bloki, upande uleule wa plagi, nyuma kabisa karibu na silinda ya sita, chini kidogo ya hedi. Kama hujui chuma kipi ni kipi chukua sumaku: bloki ni chuma cha kawaida itanasa, hedi ni aluminiamu haitanasa. Nilijaribu kwa sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio ya nyanya, na ni kweli tupu.

Tukasugua bloki kwa brashi ya waya polepole. Ikatokea L, ikatokea 2, kisha tobo la kutu. Jamani! Tarakimu moja tuliyoihitaji ndiyo iliyoliwa. Ingekuwa 4, injini ni ya 240Z. Ingekuwa 6, ni ya gari lililofuata, 260Z. Ingekuwa 8, babu angepoteza nusu ya pesa zake. Nambari ndefu iliyofuata ilisomeka mwishoni tu, na zile tulizoziona zililingana na kitabu cha gari ambacho babu alikihifadhi ndani ya mkebe wa majani chai. Pia kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya boneti, ambacho mtu alikuwa amekipaka rangi nyeusi, tulipokisafisha kwa mafuta ya taa tukasoma L24. Mimi nikafurahi nikadhani kazi imekwisha. Mjomba akasema bado. Nambari inaweza kugongwa na fundi yeyote mwenye nyundo, na mnunuzi angesema hivyo hivyo. Lakini hakuna awezaye kugonga upana wa silinda.

Pistoni zilikuwa zimeshikana na kutu. Tulimimina dizeli kwenye matundu ya plagi tukaiacha ilale, nasi tukaenda kulala kwa nyanya. Asubuhi mjomba akachonga kabari ya mti, akaishindilia katikati ya ule mnyororo unaozungusha kemshafti ili usilegee na kutupa kikazio chake ndani, manake kikitoka hapo ni kufungua mbele yote ya injini. Kazi yangu ilikuwa kuishika kabari. Hedi ikanyanyuliwa. Mapanya walikuwa wamejenga kwenye mlango wa moshi.

Mjomba akaweka kipimo chake mdomoni mwa silinda: milimita 83. Ya L28 ina milimita 86, kwa hivyo 8 ikafutika. Nikaruka! Lakini L26 nayo ina 83 vilevile, zimepishana mwendo wa pistoni tu. Tukafunga spana mbele ya injini, tukasukuma wawili huku tukitoa jasho, mpaka ile pistoni ikalia ikashuka. Tukapima ilipokuwa chini kabisa, tukapima ilipokuwa juu kabisa, tukatoa. Mwendo ulikuwa milimita 73 na ushei kidogo. Ya L26 ni 79. Ya L24 ni 73.7.

Nilitoa daftari langu la hisabati. Nusu ya 8.3 ukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa pai, kisha kwa sentimita 7.37, kisha kwa silinda sita, unapata 2393 na hiyo ndiyo ujazo wa injini ya 240Z kwa sentimita za ujazo. Ninyi mnaomuuliza mwalimu wa hisabati silinda itatusaidia wapi maishani, mimi iliwahi kumsaidia mzee mmoja Mutomo.

Basi bloki ilikuwa ya gari lenyewe, hedi ilikuwa ya kubadilishwa. Kabureta mbili zilikuwapo, za Hitachi, ingawa moja haikuwa na kifuniko. Mjomba alisema atamwambia mnunuzi yote mawili, bila kuficha la hedi.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo mjomba aliniachia mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kitabu cha gari. Kiliandikwa kwamba gari lilisajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 1974. Mehta alishinda Pasaka ya 1973, tena kwa gari la kampuni. Hesabu hiyo haihitaji daftari. Hili halikuwahi kuwa gari la Mehta hata siku moja. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hili la sokoni halikuwepo wala halikuja.

Kabla sijawaambia babu alisemaje, nimalize maisha ya mwenyewe, maana ndiyo niliyotumwa.

Baada ya 1973 Mehta alikaa miaka sita bila kushinda Safari tena. Watu wengine wangeandika kwamba alikata tamaa, mimi sioni dalili hiyo. Mwaka wa 1979, akiwa na Mike Doughty yule wa zamani, alirudi na Datsun 160J, kigari cha kawaida cha silinda nne ambacho mwalimu angeweza kuendea sokoni. Alimshinda Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes yenye injini ya lita tano. Mwaka wa 1980 akashinda tena, na wa 1981 tena kwa Datsun Violet, na miaka yote miwili aliyekuwa nyuma yake ni Rauno Aaltonen wa Finland ambaye naye alikuwa na Datsun. Mwaka wa 1982 akashinda mara ya nne mfululizo. Wa pili mwaka huo alikuwa Mjerumani Walter Röhrl, na huyo Röhrl ndiye aliyemaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia. Kwa barabara zetu bingwa wa dunia alikuwa wa pili! Ukijumlisha na ule wa 1973, zinakuwa mara tano.

Mjomba husema siri ya Mehta ni kwamba alilihurumia gari. Kwenye Safari wenye kasi walikuwa wengi, lakini ikifika siku ya tatu magari yao yalikuwa yamekatika springi au yamechemka. Yeye alijua akaze wapi na aachie wapi. Nje ya Kenya mara nyingi aliyemsomea ramani alikuwa mkewe Yvonne. Mimi nimejaribu kuwaza mume na mke wa huku kwetu wakisomeana ramani kwenye kona kali, nikaacha.

Mwaka wa 1987 alipata ajali mbaya sana katika mbio za Misri ziitwazo za Mafarao. Aliumia vibaya, na ukawa ndio mwisho wake wa kushindana. Hata hivyo hakuuacha mchezo. Mwaka wa 1997 alifanywa mkuu wa tume ya mbio za magari katika shirikisho la dunia, FIA, akawa sasa ndiye anayesimamia sheria za wenzake. Alikuwapo Safari ilipotolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, lakini hakuwapo iliporudi mwaka wa 2021 na kuchezewa Naivasha, manake alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Nilitazama kalenda ya zamani. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka.

Sasa turudi chini ya mwembe. Mjomba alimweleza babu habari za bloki, na babu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alimweleza za hedi, akakumbuka kwamba kweli fundi mmoja wa Mombasa aliibadilisha ya kwanza ilipopasuka kwa kuchemka. Kisha mjomba akanitazama. Nilifungua kitabu cha gari mikono ikinitetemeka, maana kumwambia mzee wa umri ule kwamba jambo lililompa heshima sokoni miaka yote si la kweli si mchezo. Nilimwomba radhi kwanza. Nikamsomea mwaka. Nikamweleza ya 1973.

Babu alitoa kibweta cha ugoro, akanusa, akakaa kimya mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akaniambia kwamba alijua. Alieleza kwamba miaka ile ya sabini, akiwa karani Mtito Andei, alisimama kando ya barabara akaona Datsun za Safari zikipita zimejaa vumbi, na rafiki yake akamwonyesha ya Mehta. Zilipita kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Tangu siku hiyo aliapa kwamba akipata pesa atanunua ya namna ile, na akanunua hii ikiwa mkweche. Watu wakamuuliza kama ni kama ile ya Mehta, akasema ndiyo. Baada ya miaka kama miwili lile neno kama likapotea midomoni mwa watu, na yeye hakulirudisha.

Mnunuzi alipokuja tena mjomba alimwonyesha kipimo ndani ya silinda, na kitabu cha gari, na hedi yenye N42. Alikubali kwamba bloki ni yake. Aliongeza bei, lakini haikufika ile ya kwanza kwa sababu ya hedi, na aliposikia mwaka wa 1974 uso wake ulishuka kidogo. Nadhani naye aliwahi kupita sokoni. Babu alikataa kuuza. Aliuza ng'ombe wawili, mjukuu akaenda shule na sanduku lake, na gari likafunikwa kwa turubai. Anasema ataliuza likiwa na hedi yake, au hataliuza.

Kwa hivyo mimi na mjomba tunatafuta hedi ya Datsun ya silinda sita yenye E88 kati ya plagi ya kwanza na ya pili. Kuna magari mengi ya zamani yaliyolala nyuma ya nyumba za watu huku Makueni na Kitui, mengine yamegeuzwa vizimba vya kuku. Msomaji yeyote ambaye kwao kuna chuma cha namna hiyo, asiache wauza vyuma chakavu wakichukue kwa kilo. Anione wakati wa mapumziko, darasa la Kidato cha Tatu, dawati la mwisho karibu na dirisha.